Gesi, chokaa na kinywe: kaboni ya Kusini ina majina mengi

"Mwalimu, hii gesi yetu si ndiyo mafuta ya wale mijusi wakubwa wa Tendaguru?"

Niliulizwa swali hili kijiweni Mikindani, saa za kahawa ya jioni, na mzee aliyeishi hapa tangu kabla kisima cha kwanza cha gesi cha Mnazi Bay hakijachimbwa. Hakuwa anatania. Wenzake wawili waliitikia kwa vichwa, na mmoja akaongeza kwamba ndiyo maana gesi imejaa Kusini: mijusi hao, yaani dinosaria ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi, walizikwa huku.

Wiki hiyo hiyo kijana wa kidato cha tano, mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), alinisubiri nje ya darasa. "Shikamoo mwalimu. Mimi nataka kwenda chuo kusomea jiolojia. Jiografia naielewa. Lakini hizi kemia na baiolojia nazibeba kama mzigo wa mtu mwingine. Mwamba una uhai gani?"

Mzee na kijana hawafahamiani, ila walikuwa wanauliza jambo moja. Vingi tunavyochimba, kuchoma na kusafirisha kwa bomba huku Kusini vilipita kwenye mwili wa kiumbe hai kabla havijawa mali. Usipojua kiumbe yule aliishi vipi (baiolojia), na atomi zake zilipatwa na nini baada ya kifo (kemia), utaujua mwamba kwa jina tu. Nitalieleza hili kwa kuifuata atomi ya aina moja, kaboni, kuanzia kwenye jiwe la nyumba yako.

Kwanza tuelewane maneno. Mtaani mtu akisema "kemikali" anamaanisha sumu. Salfa ya unga tunayopuliza kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga ni kemikali, sawa. Lakini maji nayo ni kemikali, chumvi ya mashamba ya Lindi ni kemikali, na sukari iliyomo ndani ya bibo ni kemikali. Kila kitu unachoweza kukishika au kukivuta puani kimeundwa kwa kemikali. Kama inadhuru au haidhuru, hilo hutegemea ni ipi, kiasi gani, na imeingia wapi.

Atomi ni chembe ndogo sana ambazo vitu vyote vimeundwa kwazo. Aina moja ya atomi huitwa elementi: kaboni ni elementi, oksijeni ni elementi, kalsiamu vilevile. Elementi zinazojulikana ni 118, ila kwa makala hii tutahitaji kama sita tu. Zichukue kama herufi. Ukiwa na L, I, M na A, unaandika "lima". Zipange upya, unapata "mali". Tena, "mila". Tena, "imla". Herufi ni zile zile, maneno ni mengine kabisa. Kampaundi ni neno lililoundwa kwa herufi za atomi, na mmenyuko wa kemia ni kulivunja neno hilo na kuandika jingine. Herufi zenyewe hazipotei. Kuni ikiungua, atomi zake haziungui. Zinaachana na kushikana na nyingine. Ukilishika hilo, nusu ya kemia ya mwanafunzi wa miamba umeimaliza.

Kaboni, kati ya herufi zote, ina tabia ya pekee. Ina mikono minne ya kushikia wenzake, na inaweza kushikana na kaboni nyingine ikafanya mnyororo, pete, hata mkeka mzima. Kwa sababu hiyo imo kwenye kila kiumbe hai, na pia kwenye mawe.

Turudi kwenye jiwe. Nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Siku moja nilibeba kipande darasani, nikakiponda kwenye kisahani hadi kikawa unga, nikakamulia ndimu. Kwanza haikutokea kitu. Kisha unga ukaanza kuinuka, vipovu vyembamba vikatokeza ukingoni kama vya soda iliyofunguliwa, na kijana aliyeinamisha sikio akasikia mchakacho mdogo, kama mafuta yanayoanza kuchemka. Pembeni nilikuwa na kipande cha mwamba kutoka kwenye milima ya Masasi. Nacho nikakiponda, nikakamulia ndimu ile ile. Kimya. Kililowa tu.

Povu lile ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi: kaboni moja imeshika oksijeni mbili. Ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe. Jiwe la matumbawe ni kampaundi iitwayo kalsiamu kaboneti, yenye kalsiamu, kaboni na oksijeni, na ukali wa ndimu (asidi) huivunja na kuiachia hewa. Mwamba wa Masasi umeundwa zaidi na silika na ndugu zake, ambazo hazina kaboni ya kutoa. Mwanajiolojia naye akiwa porini hufanya jaribio hili hili, ila hutumia asidi ya chupa badala ya ndimu.

Hewa hiyo iliingiaje kwenye jiwe? Hapa ndipo baiolojia inapobisha hodi. Tumbawe ni kazi ya mnyama. Ni mnyama laini, mdogo, mwenye mikono kama nyuzi kuzunguka mdomo, anayeishi kwa maelfu pamoja na wenzake. Anavuta kutoka kwenye maji ya bahari kalsiamu na kaboni iliyoyeyuka, anajijengea kikombe kigumu cha kukalia. Akifa, kikombe kinabaki na mwingine anajenga juu yake. Ndani ya mwili wake wanaishi vimea vidogo sana vinavyotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wao, ndiyo maana matumbawe mengi yanayojenga miamba hupenda maji mafupi na safi yanayopitisha mwanga. Kwa hiyo mwanajiolojia akikuta jiwe la matumbawe limesimama nchi kavu, juu ya maji ya leo, anajua mara moja kwamba pale palikuwa bahari, fupi, yenye joto na mwanga. Ujuzi wa mnyama mmoja umemweleza historia ya pwani nzima.

Wachomaji wa chokaa wa pwani yetu wanaifahamu kemia hii kwa mikono, hata kama hawakuipata darasani. Wanajua kwamba jiwe huingia kwenye tanuri zito na kutoka jepesi. Moto wa karibu nyuzi 900 huiondoa hewa ya ukaa kwenye jiwe. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi huacha kilo 56 za chokaa; kilo 44 zimepaa angani bila kuonekana. Wanajua pia kwamba chokaa mbichi ukiimwagia maji huchemka yenyewe na kukubabua. Na fundi anajua kwamba lipu ya chokaa huendelea kukaza kwa muda mrefu. Inakaza kwa sababu inaivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, kidogo kidogo, hadi inarudi kuwa kalsiamu kaboneti. Kuta za Kilwa Kisiwani, ambazo msafiri Ibn Battuta alipita karibu nazo mwaka 1331, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa na chokaa. Chokaa hiyo ilianza kama jiwe, ikawa unga, ikarudi kuwa jiwe.

Niseme na jingine kabla hatujaondoka hapo. Saruji huanza vilevile, kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo. Hata tanuri la kiwanda likiwashwa kwa gesi safi kiasi gani, ile hewa ya ukaa iliyofungwa kwenye jiwe itatoka tu. Watu husema "wakibadili makaa ya mawe kwa gesi, moshi umekwisha." Moshi mweusi utapungua kweli. Hewa ya jiwe haipungui hata chembe. Na kwa ndugu zangu wa pwani: matumbawe hai yakivunjwa kwa ajili ya chokaa, samaki wanakosa nyumba mwaka huo huo, na mnyama yule hajengi tena kwa kasi ya nyundo.

Sasa gesi. Ukitaka kujua ilianzia wapi, vua viatu uingie kwenye mikoko maji yakishakupwa. Chini ya vidole viwili au vitatu vya tope la rangi ya kahawia, utakuta tope jeusi. Lichimbue kwa mkono. Harufu itakupiga usoni: yai viza.

Watu wengi wakisikia harufu hiyo husema "hapo chini kuna gesi." Wako karibu na ukweli, ila wameishika njia isiyo yenyewe. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na sababu yake ni viumbe wasioonekana kwa macho. Majani ya mkoko yanapoanguka, bakteria huyala. Juu kabisa ya tope kuna oksijeni, na bakteria hupumua kama sisi. Sentimita chache chini oksijeni imekwisha. Hapo huingia kundi jingine linalojua kupumua bila oksijeni, kwa kutumia salfeti, chumvi ya salfa iliyomo kwenye maji ya bahari. Sisi tunatoa hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Wao wanatoa pia harufu ya yai viza. Ule weusi wa tope ni chuma kilichoshikana na salfa hiyo.

Kuishi bila oksijeni si jambo geni kwetu. Anayetengeneza uraka wa mabibo hutegemea kiumbe mwingine awezaye hilo: hamira ya asili inakula sukari ya bibo bila oksijeni, inaacha kilevi na kutoa povu. Povu la uraka na povu la ndimu juu ya tumbawe ni hewa moja, hewa ya ukaa.

Chini zaidi, salfeti nayo inapokwisha, huingia kundi la tatu. Hawa hutoa methani: kaboni moja iliyoshika haidrojeni nne. Methani haina rangi wala harufu. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ambako salfeti ni chache tangu mwanzo, kundi hili huanza kazi karibu na juu. Chomeka fimbo kwenye tope la jaruba la mpunga lililotuama, uone mapovu yanayopanda. Mengi ni methani. Mtambo wa gesi ya samadi unafanya kazi hiyo hiyo ndani ya shimo lililofungwa.

Kwa hiyo, je, gesi ya Mnazi Bay imetoka kwenye tope la mikoko? Hapana, si moja kwa moja. Tope linatufundisha sharti la kwanza: mabaki ya viumbe yasipatane na oksijeni. Yakipatana nayo, huoza yote na kaboni hurudi angani. Yakizikwa haraka kwenye tope lisilo na oksijeni, sehemu yake husalia. Kisha hufuata mchanga na tope jingine juu yake, tabaka kwa tabaka, na chini huko kuna jiko.

Kadiri unavyoshuka ardhini joto huongezeka, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Kwenye kina cha kilomita mbili, tatu, nne, mabaki yale hupikwa kwa mamilioni ya miaka. Mwanzoni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni huachia kimiminika: hayo ni mafuta. Joto likizidi, minyororo hukatika vipande vifupi, na kifupi kuliko vyote ni methani. Kwa sababu hiyo si kweli kwamba "penye gesi lazima chini yake pana mafuta." Inawezekana mafuta yalikatikia jikoni, au mabaki yenyewe yalikuwa ya aina inayotoa zaidi gesi, kama vile miti na majani ya nchi kavu.

Kwa kuwa methani inaweza kutengenezwa na vijidudu au na joto, wanasayansi hutazama uzito wa kaboni yenyewe. Zipo atomi za kaboni za uzito wa 12 na chache za uzito wa 13. Vijidudu hupendelea zile nyepesi, kwa hiyo methani yao huwa na kaboni chache zaidi za uzito wa 13 kuliko ile iliyopikwa. Kijana wangu wa CBG alipofika hapa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hata mdomo wa bakteria unaacha alama kwenye gesi." Ndivyo.

Gesi ikishatengenezwa haikai kwenye pango. Hili ndilo kosa ninalolisikia kila mahali: watu huwaza ziwa au shimo kubwa lililojaa gesi, na wengine huogopa kwamba ikiisha, kijiji cha Msimbati kitatumbukia. Chukua glasi, uijaze mchanga mkavu wa Shangani hadi ukingoni. Imejaa? Mimina maji taratibu. Utaingiza karibu theluthi moja ya glasi kabla hayajafurika. Maji yamekaa katikati ya punje, na punje hazikusogea. Gesi nayo imekaa hivyo hivyo ndani ya mwamba wa mchanga, ingawa huko chini nafasi ni ndogo kwa sababu mchanga umeshindiliwa. Mnazi Bay mchanga huo ni wa Mto Ruvuma wa kale, ambao umekuwa ukimwaga mizigo yake baharini kwa mamilioni ya miaka. Gesi ikitoka, punje bado zinabebana. Yapo maeneo duniani ambako ardhi imeshuka kwa kiasi au kutikisika baada ya gesi nyingi kutolewa, kwa hiyo kupima ni lazima. Lakini pango la kutumbukia halipo.

Na kwa nini haikupanda juu ikapotea? Nyingi ilipotea. Iliyobaki ilizuiliwa na tabaka la udongo laini, ndugu wa ule wanaofinyangia vyungu, wenye matundu madogo kiasi cha kutopitisha. Vitu vitatu vikikutana, jiko, mchanga na kifuniko, ndipo unapata kisima kama cha Songo Songo kilichogunduliwa mwaka 1974, au Mnazi Bay mwaka 1982. Kimoja kikikosekana, unachimba unapata maji ya chumvi.

Sasa namjibu mzee wa Mikindani. Mijusi wa Tendaguru ni wa kweli. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa yao huko kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, kwa mikono ya mamia ya watu wetu chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mmoja wao amesimamishwa Berlin hadi leo, kimo chake zaidi ya mita 13. Waliishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Ila nyama na mafuta yao yaliliwa na kuoza. Kilichobaki ni mifupa, na mfupa umeundwa zaidi na kalsiamu na fosfeti, kitu kisichogeuka gesi hata ukikipika vipi. Tena mifupa ilikutwa karibu na uso wa ardhi, ikachimbwa kwa majembe na sururu, wakati jiko la gesi liko kilomita kadhaa chini. Hata wingi unakataa. Mnyama mkubwa mmoja, ukimlinganisha na vimea na vijidudu vinavyoelea baharini na kufa kila siku ya Mungu kwa mamilioni ya miaka, au misitu inayosombwa na mto, ni kama punje ya ufuta kwenye gunia. Gesi imetoka kwa wadogo na kwa mimea. Mzee alilipokea hilo, ingawa aliniambia hadithi ya mijusi ni tamu zaidi.

Kutoka hapo watu huruka hadi mtungi wa jikoni. "Gesi ni yetu, mbona mtungi ni ghali?" Kwa sababu ni maneno mawili tofauti kwa herufi zile zile. Gesi asilia ya Mnazi Bay na Songo Songo karibu yote ni methani, yenye kaboni moja. Ya mtungi ni propani na butani, zenye kaboni tatu na nne, na kwa sehemu kubwa huletwa nchini kwa meli. Tikisa mtungi uliojaa: unasikia kimiminika kikigonga. Propani na butani hukubali kuwa maji zikishindiliwa tu. Methani haikubali. Uishindilie utakavyo kwenye joto letu la Mtwara, itabaki hewa. Hadi uipoze chini ya nyuzi 82 hasi ndipo inaanza kusikia shinikizo, na ukitaka ikae kama maji bila shinikizo ni hadi nyuzi 162 hasi. Ndiyo sababu mradi wa kuisindika gesi ya bahari kuu pale Likong'o, Lindi, unazungumziwa kwa fedha nyingi vile: ni jokofu kubwa ajabu. Ikishapozwa, mapipa 600 ya hewa yanaingia kwenye pipa moja, na meli inaweza kubeba. Kwa matumizi ya ndani hakuna haja ya jokofu. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililoanza kazi mwaka 2015, linaipitisha ikiwa hewa vilevile.

Tofauti hii ya kaboni moja na tatu ina uhai na kifo ndani yake, kwa hiyo naomba uishike. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona kama maji. Ukisikia harufu jikoni usiwashe kiberiti, usiguse swichi. Funga valvu, fungua mlango hadi chini, toka nje. Na harufu hiyo imewekwa makusudi kiwandani, kwa sababu yenyewe haina.

Ukiweka sufuria ya maji baridi juu ya jiko la gesi, kwa muda mfupi utaona sufuria inatoka jasho kwa nje, hata kama haivuji. Maji hayo yametengenezwa hapo hapo kwenye moto: haidrojeni ya gesi imeshika oksijeni ya hewa. Kaboni nayo imeshika oksijeni, imekuwa hewa ya ukaa, imetoka dirishani, na mkorosho wa nje unaweza kuivuta kesho na kuifanya sukari. Mzunguko huo ni mzuri, ila hesabu yake ina shida: kaboni iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka tunaiachia kwa miaka mia moja au mbili, na mikorosho haiwezi kuivuta yote kwa kasi hiyo.

Kuna kaboni iliyopikwa hata kupita gesi. Nenda Ruangwa. Madini ya kinywe (grafiti) yanayotafutwa huko ni kaboni tupu: haidrojeni yote imefukuzwa na joto na mgandamizo, zikabaki atomi za kaboni zilizosukwa kama mikeka iliyopangwa moja juu ya nyingine. Mikeka huteleza, ndiyo maana kinywe huacha alama ya kijivu kidoleni, na ndicho kilichomo ndani ya penseli. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, ni kaboni hiyo hiyo ila imeshikana pande zote, haitelezi. Lima na mali. Miamba ya kinywe huku ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500, kabla ya mijusi na kabla ya miti kuwepo nchi kavu. Viumbe walioiacha kaboni hiyo waliishi baharini, na karibu wote walikuwa wadogo wasioonekana kwa macho.

Nimebakiza Kilwa, na naomba uvumilivu kwa sababu hapa napapenda. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, ule wa kawaida unaonata kwenye viatu wakati wa mvua, kuna magamba ya viumbe wa seli moja waitwao foraminifera, wadogo kama punje ya mchanga. Gamba lao ni kalsiamu kaboneti, kama tumbawe. Kwingi duniani magamba ya zamani yamebadilika kwa maji yaliyopita mwambani. Huku udongo ulikuwa mzito, maji hayakupita, na magamba yamebaki yanang'aa kama kioo kipya baada ya miaka milioni 30, 40, hata zaidi. Oksijeni iliyomo kwenye gamba ina aina nyepesi na nzito, na uwiano wake hutegemea joto la maji siku kiumbe yule alipojenga. Mwaka 2001 wanasayansi waliotumia magamba ya Tanzania na ya kwingine walionyesha kwamba bahari za tropiki za zamani zile zilikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 au zaidi, tofauti na vipimo vya awali vilivyozionyesha baridi. Mwaka 2009 magamba ya huku yalitumika kukadiria hewa ya ukaa iliyokuwa angani miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ya Antaktika ilipoanza kujijenga. Joto la dunia nzima lilisomwa kwenye udongo wa Kilwa, na aliyelisoma alihitaji kumjua kiumbe, kuijua oksijeni na kulijua tabaka, vyote kwa pamoja.

Kijana wa CBG hakusubiri chuo. Kesho yake alikuja na ndimu mfukoni, amekwisha kujaribu kila kitu nyumbani: ganda la yai, kombe la chaza, kipande cha lipu ya zamani. Vyote vilitoa povu.

"Lakini chaki imekataa, mwalimu. Nimeponda, nimekamulia ndimu mbili, hakuna kitu. Na kitabu kinasema chaki ni kalsiamu kaboneti."

Nikamwambia kitabu kinazungumzia chaki ya ardhini, ile ya magamba ya baharini. Chaki nyingi za darasani ni jasi. Kalsiamu ipo, ila imeshika salfeti badala ya kaboneti, kwa hiyo hakuna hewa ya ukaa ya kutoka. Jasi hubaki pale maji ya bahari yanapokauka. Kwenye mashamba ya chumvi hutangulia kuganda kabla ya chumvi yenyewe. Kilwa ipo nyingi ardhini.

Aliitazama chaki mkononi kwa muda. "Kwa hiyo Kilwa bahari iliwahi kukauka?"